Rufiji na Haki ya Kusema Hapana

Novemba 1997 Baraza la Mawaziri la Tanzania liliridhia mradi ambao, kama ungejengwa, ungegeuza sehemu kubwa ya delta ya Rufiji kuwa mabwawa ya kufugia kambamiti. Kampuni ya African Fishing Company ilitaka takriban hekta 10,000, na mtaji uliotajwa ulikaribia dola milioni 200 za Marekani. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri mradi ukataliwe. Delta hiyo ina msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko wowote wa aina yake Afrika Mashariki, na ndani yake wanaishi makumi ya maelfu ya watu wanaovua, kulima mpunga na kukata boriti. Wengi wao walilalamika kwamba mambo yalikwisha kupangwa Dar es Salaam kabla wao hawajasikilizwa.

Walichofanya baadaye kinastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa leo. Walizungumza na waandishi wa habari, hasa wale wa chama cha waandishi wa mazingira, JET, na habari zao zikafika hadi Ulaya. Walitafuta wanasheria. LEAT, chombo cha wanasheria wa mazingira kilichoanzishwa 1994, kiliingia katika mapambano hayo, na Tundu Lissu, wakati huo wakili kijana, alikuwa miongoni mwa sauti zake. Wakazi wa delta wakaenda Mahakama Kuu kuishtaki serikali yao wenyewe na mwekezaji. Hakuna aliyechoma ofisi ya kijiji, wala hakuna aliyeshika panga. Mradi ukakwama, miaka ikapita, na mabwawa hayo hayajachimbwa hadi leo.

Wasomi wakitaka kueleza uliberali kwa Mtanzania, huanza mbali: na makabaila wa Uingereza waliombana Mfalme John mwaka 1215, na John Locke aliyeandika mwaka 1689 kwamba mtawala asiyelinda maisha na mali ya watu amepoteza haki ya kutiiwa, na Wafaransa wa 1789. Wangeweza kuanzia Salale na Mbwera, katika delta hiyo ya Rufiji. Mvuvi wa kawaida aliyepinga uamuzi wa Baraza la Mawaziri, akalala nyumbani kwake usiku uleule bila hofu, na asubuhi akapanda boti kwenda kumwona wakili, alikuwa ametekeleza karibu kila kitu ambacho Locke alikiandika. Hakuhitaji kuruhusiwa na mtu kuwa na maoni. Alihitaji vitu viwili tu: mahali pa kuyapeleka, na uhakika kwamba hatadhurika kwa kuyasema.

Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyokosekana Rufiji kwa sehemu kubwa ya historia yake. Tena vilikosekana hata pale uhuru wenyewe ulipokuwa ukitangazwa kwa sauti kubwa.

Chukua mwaka 1873. Tarehe 5 Juni, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, akiwa ametishiwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Katika vitabu vya Uingereza hiyo ni siku ya ushindi, na kweli ni ushindi. Lakini wafanyabiashara wa Kilwa hawakufunga biashara, walibadili njia. Kwa kuwa bahari ilikuwa na doria, misafara ilianza kupita nchi kavu kuelekea kaskazini, na hapakuwa na njia ya kwenda kaskazini isipokuwa kuuvuka mto Rufiji. Kati ya Desemba 1873 na Januari 1874 ofisa wa kibalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alitembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, akihesabu aliowaona. Katika muda wa mwezi mmoja alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 wakiswagwa njiani.

Mkataba ulioandikwa kuokoa watu ulikuwa umewaongezea mateso kwa muda, kwa sababu safari ya majahazi ya siku chache ilibadilika kuwa mwendo wa wiki nyingi kwenye tope, mikoko na jua. Barghash alipiga marufuku misafara ya nchi kavu mwaka 1876, na hata hapo utumwa wenyewe, yaani kummiliki mtu nyumbani na shambani, haukuguswa. Wajerumani walipotawala bara hawakuufuta. Mwaka 1904 waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Ukomo kamili ulikuja mwaka 1922, kwa sheria ya Waingereza. Mtu aliyezaliwa mtumwa mwaka 1905 katika pwani ya Mrima alikuwa na miaka 56 tu bendera ya Tanganyika ilipopandishwa.

Inafaa kuuliza kwa nini wanafikra wakubwa wa uhuru hawakuona haraka zaidi. Jibu halipendezi. Locke mwenyewe alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha Waafrika kuwauza ng'ambo ya Atlantiki. John Stuart Mill, ambaye kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru kinasomwa mpaka leo kama msingi wa haki ya mtu kuwaza na kusema, alifanya kazi katika East India Company kwa miaka 35, na katika kitabu hichohicho alisema kanuni yake haiwahusu watu aliowaona kuwa bado hawajakomaa. Kwa hao, utawala wa kiimla ulifaa mradi nia yake iwe kuwaendeleza. Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba koloni zima mgongoni. Kila gavana aliyefika pwani hii aliamini nia yake ni njema.

Gavana Gustav Adolf von Götzen alikuwa mmoja wao. Kuanzia 1902, utawala wake ulianzisha mashamba ya pamoja ya pamba kusini mwa Dar es Salaam. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walilazimishwa kulifanyia kazi kwa siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa kati ya wafanyakazi, jumbe na chombo cha serikali ya wilaya, na fungu la mfanyakazi lilikuwa dogo kiasi kwamba wako waliokataa kulipokea. Juu ya hapo palikuwa na kodi ya nyumba na akida mwenye kiboko. Mashamba ya chakula yalisubiri wakati watu wakipalilia pamba ya serikali.

Mnamo Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi kusini mwa Rufiji, waling'oa miche ya pamba. Wakati huo mamia kwa mamia walikuwa wamekwisha kumwendea mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe kupokea maji ya dawa. Wajerumani walimkamata na kumnyonga Mohoro, makao yao ya Rufiji, Agosti 4, 1905, lakini moto ulikuwa umeshaenea. Vita vya Majimaji viliendelea hadi 1907, vikavuka mpaka Songea na Mahenge. Serikali ya Wajerumani ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria waliofuata wanataja kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala.

Majimaji hayakuwa harakati ya kiliberali, na ni kosa kuyavika joho hilo. Kuna vijiji vilivyojiunga kwa kutishwa, na wasiotaka maji walionekana maadui. Lakini kitendo cha Nandete, kile cha kung'oa pamba, kina hoja ndani yake, na hoja hiyo ni ileile ya Locke: jasho la mtu ni mali yake, na hakuna mwenye haki ya kulichukua bila ridhaa yake. Waling'oa kwa sababu hapakuwa na ofisi ya kupeleka neno hilo. Akida alikuwa ndiye mlalamikiwa, ndiye mpelelezi na ndiye hakimu. Malalamiko yalisikika Berlin baada ya maiti kuhesabiwa, wabunge wa Ujerumani walipoanza kugombana kuhusu gharama na ukatili wa makoloni. Gavana aliyemrithi Götzen, Albrecht von Rechenberg, aliyaacha mashamba yale ya lazima. Bunge lililokuwa maelfu ya kilomita kutoka Mohoro, ambalo hakuna Mrufiji aliyelipigia kura, lilifanya kwa maneno kile ambacho watu wa Umatumbi walikilipia kwa damu.

Serikali hiyohiyo ya Wajerumani iliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898 na kuweka kituo cha misitu Salale. Boriti zilizokuwa zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni kwa vizazi zikawa mali ya serikali, na anayekata akahitaji kibali. Mfumo huo haujaondoka. Mwaka 1987 Tanzania huru ilisimamisha uvunaji wa mikoko nchi nzima, na mwaka 2011 wakulima wa mpunga wa delta walijikuta wakiondolewa katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi, huku madungu yao, vibanda vyao vya shambani, yakichomwa. Kisheria, Mrufiji wa delta anaishi kama mgeni ndani ya msitu wa serikali ambao babu zake walikuwamo kabla haujawa wa serikali.

Uhuru wa 1961 ulitarajiwa kubadili mambo hayo, na Julius Nyerere hakuwa mtu wa kuudharau uhuru wa mtu binafsi. Akiwa kijana Makerere aliandika insha iliyotumia hoja za Mill juu ya kutawaliwa kwa wanawake kuichambua hali ya wanawake wa Kizanaki. Aliwajua vizuri waandishi hao. Oktoba 1958 mwanafalsafa Isaiah Berlin alitoa mhadhara Oxford uliogawa uhuru katika aina mbili. Moja ni kuachwa bila kuingiliwa. Nyingine ni kuwa bwana wa maisha yako. Berlin alionya kwamba hii ya pili, nzuri kama ilivyo, inaweza kutekwa na kiongozi anayedai kwamba anaijua nafsi ya kweli ya watu kuliko wao wenyewe, na kwa hiyo akiwalazimisha anawakomboa.

Rufiji iliupima mgawanyo huo kwa vitendo. Mafuriko makubwa ya 1968 yaliipa serikali sababu ya kuwahamisha watu kutoka bondeni hadi kwenye miinuko, katika kile kilichoitwa Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla ya operesheni ya vijiji vya nchi nzima ya 1973 hadi 1976. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Watu walikuwa wamepoteza mazao na nyumba, na shule, zahanati na maji ya bomba ni rahisi kuvipeleka kijijini kuliko kwenye kaya zilizotawanyika kando ya mto. Vijiji vilivyoanzishwa vilipata shule, na kizazi kizima kilijifunza kusoma.

Hata hivyo, mafuriko kwa Mrufiji hayakuwa balaa peke yake. Maji yakipungua yaliacha udongo wenye rutuba, na juu yake mkulima alipanda mazao ya mlau, ambayo hayangeota kwenye mchanga wa miinukoni. Wakulima walifanya kitu kinachosema mengi kuhusu hekima yao: walihama kama walivyoamriwa, kisha wakarudi bondeni msimu kwa msimu, wakajenga madungu yao juu ya nguzo, wakalinda mpunga wao dhidi ya ndege na nguruwe. Hakuna hotuba iliyotolewa. Lakini watu hao walikuwa wamepiga kura kwa miguu dhidi ya ramani iliyochorwa bila wao. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yalirudisha mjadala uleule wa nani ahame na nani anaamua.

Katika swali hilo la nani anaamua ndipo historia ya Bibi Titi Mohamed inapoingia, na inasikitisha kwamba mara nyingi husimuliwa nusu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia yenye asili ya Rufiji, akaongoza wanawake wa TANU, akauza kadi za chama kwa maelfu, akawa mbunge wa Rufiji. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja ambao uliruhusu wagombea wawili wa TANU kushindana kila jimbo, wapiga kura wa Rufiji walimwangusha. Jambo hilo lenyewe ni ushahidi: hata chini ya chama kimoja, mwananchi wa Rufiji alikuwa na uwezo wa kumwondoa mwanamke mashuhuri kuliko wote nchini, na matokeo yakaheshimiwa.

Mwaka 1967 hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha yaliyowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu uongozi wa TANU. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972, akaishi kimya kwa miaka mingi. Alifariki dunia mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Iwe mtu anaiamini hukumu ile au haiamini, Bibi Titi alipata angalau kesi ya wazi, majaji na mawakili. Wengine wa zama zake walifungiwa chini ya Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 bila kupata hata hicho. Msamaha wa Rais nao ulikuwa mwema, lakini uhuru unaotegemea wema wa mtu mmoja unaweza kuondoka siku anapoondoka.

Tanzania ilichelewa kulikubali somo hilo kwenye karatasi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kutumika mahakamani mwaka 1988. Tangu hapo, Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, ya 15 uhuru wa mtu binafsi, ya 18 uhuru wa maoni. Bila ibara hizo, kesi ya kambamiti isingekuwa na nguvu iliyokuwa nayo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja kuanzia 2015, katika kipindi kilekile Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji na kuwa wilaya. Watu wasiojulikana walianza kuua wenyeviti wa vijiji, watendaji, makada wa chama tawala na askari katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa eneo la Jaribu, Kibiti. Kufikia katikati ya mwaka huo, waliouawa walihesabiwa kuwa zaidi ya 30. Viongozi wa vitongoji walikuwa wakilala nje ya nyumba zao, na wako walioachia nafasi zao kuokoa maisha.

Anayeandika kuhusu uhuru lazima aseme hili bila kuzunguka: wauaji wale walikuwa maadui wa uhuru wa kila mtu wa Kibiti. Mwenyekiti wa kijiji anayeogopa kufungua mlango jioni hana uhuru wowote wa kuutetea, na dola isiyomlinda imeshindwa kazi yake ya kwanza. Serikali iliunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji na kupiga marufuku bodaboda kutembea usiku. Agosti 2017 polisi walitangaza kuwa wamewaua watuhumiwa 13 katika majibizano ya risasi. Mauaji ya viongozi yalipungua, na wakazi wengi walishukuru kwa dhati.

Lakini watuhumiwa waliouawa hawawezi kuhojiwa. Wananchi hawakupata kusikia mahakamani wauaji ni akina nani, walitumwa na nani, na kwa nini wilaya hizi tatu. Familia zilizodai ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi zilibaki bila jibu. Hapa ndipo kesi ya wazi inapohitajika zaidi, kwa ajili ya mtuhumiwa na kwa ajili ya mjane wa askari pia, kwa sababu wote wawili wanastahili kujua.

Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti, alikuwa akifanya kazi hiyohiyo ya kutafuta majibu. Novemba 21, 2017 alichukuliwa na watu wasiojulikana waliokuwa kwenye gari, na hajaonekana tena. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha serikali ikasema kauli yake ilinukuliwa vibaya. Ni miaka mingi sasa, na hakuna ripoti ya uchunguzi iliyowekwa hadharani. Waingereza walipitisha sheria mwaka 1679 kumlazimisha anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze sababu. Kifungu cha 390 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania kinaipa Mahakama Kuu uwezo huohuo. Chombo kipo, ila hakifanyi kazi pale ambapo hakuna anayekiri kumshikilia mtu.

Wako wanaosema kwamba uliberali ni nguo ya kigeni isiyomtosha Mwafrika, na wanaweza kuitumia Rufiji kama ushahidi, kwa kuwataja Locke na hisa zake, Mill na kampuni yake, mkataba wa 1873 na misafara yake. Ushahidi huo ni wa kweli, ila unathibitisha jambo jingine. Kila mara Rufiji ilipoteswa kwa jina la kitu kizuri, iwe ustaarabu, maendeleo, hifadhi au usalama, aliyeteswa alikuwa amenyimwa nafasi ya kukataa na kusikilizwa. Wazungu hao walikosea kwa kuwanyima wengine kile walichokidai kwa ajili yao. Waliong'oa pamba Nandete na waliorudi kwenye madungu hawakuwa wameazima wazo hilo Ulaya.

Kwa hiyo swali la leo ni la vifungu vya sheria. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na Bunge lilirekebisha sheria hiyo mwaka 2023. Hilo lilikwenda vizuri. Marekebisho ya 2020 katika sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalikwenda upande wa pili: yalimtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Kwa marekebisho hayo mvuvi wa Mbwera bado angeweza kushtaki, lakini chama cha kiraia kilichoko mjini, chenye wanasheria na nauli, hakingeweza kumtangulia mahakamani kama zamani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ina mpaka wa kutazamwa upya. Ardhi isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua. Shamba la kambamiti la 1997 lilikuwa kubwa mara 40 ya kipimo hicho. Yaani kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo neno la kijiji linavyopungua uzito. Bunge lina uwezo wa kukigeuza kifungu hicho na kile cha 2020 kama lilivyofanya kwa sheria ya habari, na wakazi wa Kibiti na Rufiji wana haki ya kuwauliza wabunge wao, jina kwa jina, kama wataunga mkono.